Uzi: Manukato ya maua yenye joto, ya wake kwa waume, ya kuvaa kila siku hapa Tanga. Tuchague vipi?

Raskazone Upepo

Habari za jioni wakuu. Natafuta pafyumu moja ya maua, yenye joto kiasi, ambayo mimi na mke wangu tutachangia chupa na kuivaa siku zote za kazi. Nafikiria kazi za watengenezaji wadogo, zile zinazoitwa nishi, ziwe za Ulaya au za Uarabuni. Masharti ni haya: ofisi ina feni tu, kwenda na kurudi ni bodaboda, jioni ni msikitini au barazani. Isimuumize kichwa anayekaa karibu, isiwe udi mzito, isiwe na utamu wa keki. Bajeti ni ya chupa moja ya mililita 50, kwa hiyo hakuna nafasi ya kukosea. Tuanzie wapi?

Mkilua

Mkuu, umefanya vizuri kutaja feni na bodaboda. Hivyo viwili vitaamua mambo kuliko jina la chupa.

Kwanza tuelewane kuhusu joto. Manukato huitwa ya joto yakiwa na mbao, miski, viungo, ubani au ambari chini ya maua. Lakini "ambari" inayotajwa kwenye chupa nyingi siyo ile inayookotwa ufukweni. Ni mchanganyiko wa labdanamu, benzoini na vanila, yaani utomvu na utamu. Sandali na mwerezi huleta joto kavu, ambari na vanila huleta joto zito. Huko Ulaya wanakovaa makoti, hilo la pili linapendeza sana. Hapa kwetu wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jasho linaanza saa tatu asubuhi na hewa ina unyevu kiasi kwamba halikauki. Harufu nyepesi za malimau na majani zinaruka ndani ya robo saa, maua yenyewe yanapita upesi kuliko alivyokusudia muundaji, na unabaki na kitako, yaani harufu ya chini inayobaki mwisho, mchana kutwa. Kitako kikiwa sukari na vanila, ikifika adhuhuri kila aliye karibu anakisikia kooni.

Kwa hiyo chagua kitako kwanza, halafu ua. Wengi wanafanya kinyume: wananunua ua la dakika kumi za mwanzo, kisha wanaishi na kitako ambacho hawakukichunguza.

Sasa maua. Asumini ya asili ina indoli, ile harufu ya ndani kabisa ya ua lililofunguka usiku. Ikiwa kidogo inalipa ua uhai. Ikizidi, na ngozi ina jasho, inaacha kunukia na kuanza kunuka. Ndiyo maana asumini nyingi za kisasa hujengwa kwa hedioni, kiungo cha maabara chenye hewa na unyevunyevu wa asumini bila uvundo wake. Kilipata umaarufu ndani ya Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, na ile ilikuwa pafyumu ya wanaume. Asumini ya namna hiyo ndiyo ningeitafuta kwa ofisi ya feni.

Maua ya mdanzi yana sura mbili. Yakikenekwa kwa mvuke hutoa neroli, nyepesi na chungu kidogo. Yakitolewa kwa kiyeyushi hutoa absoluti, nzito yenye asali na karibu na harufu ya mnyama. Soma maelezo ujue ni ipi, maana tofauti yake mchana wa Januari ni kubwa. Langilangi nayo tunaijua, na Visiwa vya Ngazija ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Hukingwa kwa mafungu kadiri mvuke unavyoendelea: ekstra hutangulia, kisha fungu la kwanza, la pili na la tatu. Ekstra ina maua na ndizi mbivu. La tatu ni zito na la mbao. Waridi linastahimili joto vizuri likikalishwa juu ya mwerezi au pacholi, majani yenye harufu ya udongo. Tuberosi, ua jeupe lenye harufu kali, ni nzuri mno, lakini ina krimu na nguvu inayojaza chumba.

Kuhusu wake kwa waume, pwani hii haina haja ya kufundishwa. Marashi ya waridi hurashiwa wanaume maulidini, na chetezo kinazunguka kwa wote. Mgawanyo wa "ua ni la kike" ulikuja na matangazo ya biashara.

Makorora 12

Naona mnamzungusha. Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian. Asumini, zafarani, mwerezi, ambari. Inavaliwa na wote, inadumu. Kwisha.

Fundi Attari

Ni kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ila ipime kwa masharti aliyoyaweka mwenye uzi. Amesema hataki utamu, na hii ina sukari ya kuungua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chupa ya mililita 70 huko inakotoka ni zaidi ya dola 300. Na manukato ya harufu hiyo hiyo yamejaa kila duka, Club de Nuit Untold ya Armaf ikiwa mojawapo, kwa hiyo kama unatafuta kitu ambacho hukikuti kwa kila jirani, hapo hukipati.

Lipo na jambo la pua. Kiungo kinachoibeba kwa sehemu kubwa ni ambroksani, ambari iliyotengenezwa maabara. Molekuli za ambari ya maabara na miski nyingi za kisasa ni kubwa, na pua za baadhi ya watu hazizisikii kabisa, au zinazisikia dakika chache kisha zinanyamaza. Mvaaji anadhani imekwisha, anaongeza mara mbili, tatu, na wenzake ofisini wanaumwa kichwa. Kwa hiyo ukijaribu pafyumu yoyote yenye miski au ambroksani, usiitegemee pua yako peke yake. Muulize mkeo anasikia nini akiwa umbali wa hatua mbili.

Ningempa majina haya ayatafute kwa sampuli.

Bal d'Afrique ya Byredo, ya mwaka 2009. Neroli na ua la tajetesi juu, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu kavu), mwerezi na miski chini. Ina joto la jua bila uzito na inakaa karibu na mwili. Kwa masharti yake hii ndiyo ningeanza nayo.

Rose 31 ya Le Labo, ya mwaka 2006. Waridi lililokaushwa kwa mbao, mwerezi na vetiva, liliundwa makusudi livaliwe na wanaume pia. Tahadhari moja nzito: ndani yake mna bizari nyembamba. Kwenye baridi bizari inalipa waridi ngozi na uhai. Kwenye jasho la Tanga, kwa baadhi ya watu inasomeka kama kwapa. Hii lazima uijaribu siku ya joto kali, siyo jioni ya kusi.

Do Son ya Diptyque, ya mwaka 2005, iliyopewa jina la mji wa pwani ya Vietnam. Ni tuberosi iliyochanganywa na maua ya mdanzi na kufanywa ya upepo wa bahari. Ikiwa mnapenda tuberosi, hii ndiyo inayovumilika mchana. Joto lake ni dogo lakini, liko zaidi upande wa krimu.

Portrait of a Lady ya Frédéric Malle, iliyoundwa na Dominique Ropion mwaka 2010: waridi, karafuu, pacholi, ubani. Msitishike na jina, wanaume wengi wanaivaa. Pua ya mtu aliyekulia pwani inaielewa mara moja. Lakini ni ya harusi na ya usiku. Mpulizo mmoja unatosha, miwili ofisini ni mingi.

Love, Don't Be Shy ya Kilian watu wataitaja kwa sababu ya maua ya mdanzi. Kitako chake ni peremende laini za sukari. Iacheni.

Bi Mrehani

Nakubaliana na mengi, ila napingana na Mkilua kuhusu vanila. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi zina ubaridi, na vanila kidogo chini ya langilangi inapendeza sana. Tatizo ni kiasi.

Nimekuja hasa kusema habari ya nguo, maana hapo ndipo pesa na kanzu huharibika pamoja. Vanilini, kiungo kinacholeta harufu ya vanila, hubadilika rangi ikikutana na hewa na mwanga, inaelekea hudhurungi. Maua ya mdanzi yana methili anthranileti, ambayo ikiungana na viungo vingine vya pafyumu hutoa rangi ya manjano iliyokolea. Kwa hiyo pafyumu yenye vanila na maua ya mdanzi pamoja, usiipulize kwenye kanzu nyeupe hata kidogo. Doa halionekani siku hiyo. Linaonekana baada ya kufua na kuanika juani, na halitoki. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba: puliza mara tatu sehemu moja, kianike juani siku tatu, ndipo uamue. Mafuta ya attari ni mabaya zaidi kwa nguo, yanaacha alama ya mafuta papo hapo. Yatiwe kwenye ngozi tu, nyuma ya masikio na kifuani, yaachwe dakika tano kabla ya kuvaa.

Buibui jeusi halina shida ya doa, na kitambaa kinashika harufu muda mrefu kuliko ngozi. Lakini ndiyo hatari yenyewe: harufu ya juzi inabaki na kugombana na ya leo. Mkichagua kuvaa kwenye nguo, iwe pafyumu moja tu kwa wiki nzima.

Na mkifukiza nguo kwa udi, pafyumu ya maua iende kwenye ngozi na moshi ubaki kwenye kitambaa. Asumini na waridi vinakubaliana na udi bila shida. Neroli hapana, moshi unaimeza.

Raskazone Upepo

Ahsanteni sana. Sampuli nizijaribuje ili nisidanganyike?

Mkilua

Agiza sampuli za mililita 2, ziwe tatu au nne, si kumi. Mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida ni takribani mililita 0.1, kwa hiyo kila sampuli ina mipulizo kama ishirini. Inatosha kwa majaribio ya kweli kwenu wote wawili.

Karatasi ya kunusia ni ya kuchuja tu. Puliza zote kwenye karatasi usiku, andika majina, zinuse asubuhi. Hapo unasikia kitako kitupu, na kitako kinachokukera asubuhi mchuje. Zikibaki mbili, zihamishie kwenye ngozi.

Kwenye ngozi jaribu moja kwa siku, baada ya kuoga kwa sabuni isiyo na harufu kali. Usipake losheni yenye harufu wala mafuta ya nazi ya kienyeji, maana nazi inageuza ua lolote kuwa krimu na hutajua kilichotoka kwenye chupa. Ngozi ikiwa kavu paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya mahindi, kisha puliza juu yake. Mpulizo mmoja upande wa ndani wa kiwiko, mmoja kifuani. Usisugue. Nusa baada ya robo saa, saa moja, saa nne na saa nane, na kila mara andika maneno mawili au matatu. Kuandika ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ikifika jioni pua inakumbuka kile cha mwisho tu.

Kahawa ya kusafisha pua, ile inayowekwa kwenye baadhi ya maduka, haina faida yoyote ya ziada. Nusa kiwiko chako kisichopakwa kitu au toka nje upate hewa.

Halafu jaribio la joto. Siku moja vaa ukiwa ndani ya feni, siku nyingine vaa ukipita Ngamiani saa saba mchana kwa miguu. Pafyumu ile ile itakuwa vitu viwili. Upepo wa bodaboda nao unakausha sehemu zilizo wazi, shingo hasa. Ndiyo sababu kifuani chini ya shati hudumu zaidi: joto la mwili linaisukuma polepole na upepo hauifikii.

Kila mmoja wenu ajaribu kwenye ngozi yake. Msiamue kwa ngozi ya mmoja.

La mwisho, ngozi yenye mzio. Puliza mara moja kwenye kiwiko cha ndani na usubiri saa 48 kabla ya kuivaa shingoni. Na manukato yaliyochanganywa mitaani kwa mafuta ghafi ya limau au ndimu msiyavae sehemu zinazopigwa na jua, yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Duga Maforoni

Na sisi tusiotaka spiriti kwa sababu ya ibada?

Fundi Attari

Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja hapo, muulize unayemwamini. Kwa upande wa chupa, njia ipo: attari ya mafuta. Huuzwa kwa mililita 3, 6 au 12, na ile ya 12 ndiyo wafanyabiashara wanaiita tola. Tofauti yake na ya kupuliza ni kwamba mafuta hayaruki kwa kasi. Yanakaa karibu na ngozi, yanaanza taratibu, yanadumu. Kwa ofisi ya feni hiyo ni sifa. Tafuta asumini au waridi juu ya sandali, tia doa dogo kwa kijiti cha kifuniko sehemu mbili, basi.

Wapo wanaotaka kuigeuza attari iwe ya kupuliza. Inawezekana, na inakwenda hivi. Pima kwa mzani wa gramu, si kwa macho: gramu 2 za mafuta kwa gramu 8 za ethanoli ya asilimia 95 au 96 iliyo safi. Utapata takribani mililita 12 zenye nguvu ya asilimia 20. Tikisa, funga, weka kabatini wiki mbili hadi nne. Ukiivaa siku ya kwanza utasikia ukali wa spiriti tu na utaidharau bure. Mbali na jiko na moto wowote.

Inapoharibika ni hapa. Attari nyingi za bei ndogo zimezimuliwa kwa mafuta ya mimea au ya madini, na hayo hayayeyuki kwenye ethanoli. Mchanganyiko unakuwa na ukungu au unajitenga matabaka mawili, kisha unaziba bomba. Jaribu tone moja kwenye kijiko cha ethanoli kabla ya kumwaga chupa nzima. Na spiriti ile ya rangi inayouzwa kwa mafundi usiiguse. Ina methanoli, ni sumu, na harufu yake haitoki.

Kisosora

Bei na bandia nazo tuziseme. Chupa ya mililita 50 ni kama mipulizo 500. Mkivaa wawili, mitatu mitatu kwa siku, ni mipulizo 6, yaani siku 83. Mililita 100 ni miezi mitano na nusu. Gawanya bei kwa mipulizo kabla ya kusema ipi ni ghali. Kuna chupa ya bei kubwa inayovaliwa kwa mpulizo mmoja ikawa nafuu kuliko ya bei ndogo inayotaka sita.

Bandia: namba ya toleo chini ya chupa na namba ya chini ya boksi lazima zilingane. Bomba la asili linatoa ukungu mpana na laini. La bandia linatema matone au linarusha mstari. Kioo cha chini kisiwe na mapovu wala mshono mkubwa. Lakini dalili kubwa ni saa ya pili kwenye ngozi: bandia hufanana vizuri dakika kumi, kisha chini yake hamna kitu au mna utamu mmoja tu usiobadilika. Ndiyo maana sampuli kutoka kwa muuzaji unayemjua inakuja kabla ya chupa.

Mkimtumia ndugu anayekuja kwa ndege: mkononi kila chupa isizidi mililita 100. Kwenye begi la chini kila moja isizidi nusu lita, jumla lita 2. Kwa posta, ulizeni kwanza. Manukato ni bidhaa inayowaka, na wasafirishaji wengi wanayakataa.

Bi Mrehani

Utunzaji, kwa ufupi. Maadui ni joto, mwanga na hewa. Isikae bafuni, isikae dirishani, isiachwe ndani ya gari wala kwenye buti ya pikipiki. Kabati la chini, ukuta usiopigwa na jua la jioni, ndani ya boksi lake. Jokofu linafaa kama umeme wenu haukatiki mara kwa mara, kwa sababu kupanda na kushuka kwa joto ni kubaya kuliko joto la wastani lisilobadilika. Chupa ikibaki robo, hamishia kwenye kichupa kidogo cha kioo, si plastiki, ili hewa ndani iwe chache.

Rangi ikikolea msiitupe upesi, vanila na maua ya mdanzi hufanya hivyo kwa kawaida. Iliyoharibika utaijua mwanzo wake: uchachu kama siki, au harufu ya rangi ya kucha isiyoondoka baada ya dakika mbili tatu.

Raskazone Upepo

Nimeelewa. Tutaagiza Bal d'Afrique, Rose 31 na Do Son, pamoja na attari moja ya asumini kwa sandali ya mililita 3. Swali la mwisho: mipulizo mingapi, na wapi, kwa siku ya kazi?

Mkilua

Kaskazi: miwili. Mmoja kifuani chini ya shati, mmoja kisogoni chini ya ukosi. Puliza dakika kumi kabla ya kutoka, ngozi ikiwa imekauka kabisa, maana kwenye maji ya kuoga inateleza yote. Kwapa na shingo ya mbele viache. Kusi unaweza kuongeza wa tatu, upande wa ndani wa kiwiko. Mkeo akivaa buibui, kifuani na kisogoni vilevile, na ikiwa ni Do Son apunguze abaki na mmoja.

Jioni usiongeze juu ya jasho la mchana. Oga kwanza, kisha tia attari ya asumini sehemu mbili, ndipo utoke.

Rose 31 ijaribuni mchana wa jua kali, wote wawili siku moja, kila mmoja amnuse mwenzake saa tisa. Bizari ikijitokeza kwa mmoja tu, hiyo haiwezi kuwa chupa ya kuchangia.